Jina Lilelile, Mwenyewe Mwingine: Somo kwa Mnunuzi wa Kompyuta za Fahari

Kompyuta zilizokwisha kutumika huwafikia wakaazi wa Pemba kwa njia inayojulikana. Huteremshwa Unguja au Dar es Salaam kutoka Dubai, Ulaya na Marekani, kisha huvushwa kwa meli na kupangwa madukani Chake Chake, Wete na kwingineko. Nyingi ni kompyuta za kawaida za afisini. Lakini mara moja moja huonekana baina yake kompyuta ya namna nyingine: nzito, yenye umbo la kuvutia, taa za rangi chini ya kibodi, na mgongoni alama ya kichwa cha kiumbe wa sayari ya mbali. Bei yake huwa mara mbili au tatu ya jirani yake mezani, na mnunuzi akiuliza sababu hujibiwa kwa neno moja tu, nalo ni jina la chapa.

Somo hili linahusu jina hilo. Tunapenda mtumiaji afahamu kwamba jina la kampuni ni mali inayoweza kuuzwa peke yake, mbali na mafundi waliolipatia sifa, na kwamba katika biashara ya kompyuta za fahari jambo hilo limetokea zaidi ya mara moja. Mzazi anayetoa akiba ya msimu mzima wa karafuu kumnunulia kompyuta mwanawe aliyechaguliwa kujiunga na chuo anastahiki kujua kazi anayoilipia ni ya nani.

Mafundi wa kompyuta moja moja

Katika miaka ya 1990 kompyuta nyingi za mezani duniani zilikuwa masanduku ya rangi ya maziwa yasiyotofautiana. Wapenzi wa michezo ya kompyuta, pamoja na wachoraji na watu wa filamu, walihitaji mashine zenye nguvu kuliko zile. Ndipo wakatokea watengenezaji wadogo waliounda kompyuta moja moja kwa oda, kama seremala anavyochonga mlango kwa kipimo cha nyumba ya mteja wake.

Watengenezaji hawa hawakuunda vipuri. Prosesa ilitoka Intel au AMD, kadi ya michoro ilitoka kwa kampuni nyingine, na diski kwingine kabisa. Vipuri hivyohivyo mtu yeyote angeweza kuvinunua. Kazi yao ilikuwa kuchagua vipuri vinavyopatana, kuvifunga kwa uangalifu, kupanga nyaya zisizuie hewa, kulipaka sanduku rangi kama ya gari jipya, na kuijaribu mashine kabla ya kuituma. Mteja akipata tatizo, simu yake ilipokelewa na watu wanaoijua mashine ile. Bei ilifika maelfu ya dola, na sehemu kubwa ya ziada iliyolipwa ilikuwa ujira wa uangalifu huo. Tunaomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa uangalifu hauingii katika sanduku pamoja na jina.

Mashuhuri miongoni mwao walikuwa wawili. Wa kwanza ni Alienware, iliyoanzishwa mwaka 1996 mjini Miami, Marekani, na marafiki wawili, Nelson Gonzalez na Alex Aguila. Wa pili ni VoodooPC ya Calgary, Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Rahul Sood. Wote wawili walinunuliwa katika mwaka mmoja. Mwezi Machi 2006 Dell ilitangaza kuinunua Alienware, na mwezi Septemba HP ikatangaza kuinunua VoodooPC. Dell na HP ndizo zilizokuwa zikishindana wakati ule kwa kuuza kompyuta nyingi zaidi duniani, na kila moja ilitaka kitu ambacho ukubwa haukuweza kuipatia, yaani heshima mbele ya wanunuzi wajuzi.

Yaliyofuata baada ya ununuzi

Hatima ya VoodooPC ilikuwa ya haraka. Mwaka 2007 HP ilitoa kompyuta ya mezani iliyoitwa Blackbird 002, iliyobuniwa kwa msaada wa watu wa Voodoo, na wengi waliisifu. Mwaka 2008 ikafuata kompyuta mpakato nyembamba yenye jina la Voodoo Envy. Kisha mambo yakageuka. Mwanzoni mwa mwaka 2009 jina la Voodoo lilikuwa limebaki kama lebo ndogo juu ya kompyuta ya HP, na kufikia mwezi Oktoba mwaka huohuo neno "Envy" lilikuwa limehamishwa na kuwa jina la kompyuta mpakato za HP yenyewe. Mwaka 2010 mwanzilishi aliondoka. Miaka minne baadaye jina jingine la Voodoo, "Omen", lilifufuliwa na kupewa kompyuta za michezo za HP. Kwa hivyo mtu aliyeiona Envy au Omen dukani ameliona jina lililozaliwa Calgary katika karakana ya watu wachache, lililobandikwa juu ya bidhaa ya kiwanda kikubwa. Hatusemi kwamba bidhaa hiyo ni mbaya. Tunasema ni kitu kingine.

Alienware haikufutwa, na kisa chake ndicho chenye mafunzo zaidi kwa mnunuzi wa hapa. Mwanzoni iliachwa ijiendeshe, kisha kidogokidogo kazi zake ziliunganishwa na za Dell. Mwaka 2009 baadhi ya waliokuwa wafanyakazi wake walianzisha kampuni yao mjini Miami, Origin PC, kwa nia ya kuendeleza utaratibu wa zamani wa kuunda kompyuta moja moja. Hii nayo, mwaka 2019, ilinunuliwa na Corsair. Mtu anayefuata ufundi badala ya jina hulazimika kuhamahama namna hiyo, na si kila mnunuzi ana muda wa kufanya hivyo.

Tofauti moja kati ya Alienware ya zamani na ya baadaye inamgusa moja kwa moja fundi wa Wete. Kompyuta za mezani za waundaji wadogo kwa kawaida zilifungwa kwa vipuri vya vipimo vya kawaida; kisanduku cha umeme kikiungua, kingine chochote cha kipimo kile kilitosha. Katika baadhi ya kompyuta za mezani za Alienware Aurora za miaka ya karibuni, bodi kuu, ambayo mafundi wetu huiita mazabodi, pamoja na kisanduku cha umeme, vina maumbo ya Dell pekee. Kwa kampuni inayotengeneza mamilioni ya mashine, kipuri kimoja cha umbo lake ni nafuu. Kwa mtumiaji wa kisiwani ambaye dhamana ya mashine yake imekwisha, kipuri hicho ni safari ya kuagiza Dubai, au ni mwisho wa mashine.

Ni haki tuseme pia yaliyo mema. Chini ya Dell, Alienware ilifika nchi nyingi ambazo isingefika, na huduma yake ya dhamana ikawa na mtandao ambao kampuni ya watu wachache haiwezi kuuota. Tena kudorora kwa kompyuta za fahari hakukuletwa na ununuzi peke yake. Kompyuta mpakato zilizidi kupendwa, na mpakato haifungwi kwa mkono kipuri kwa kipuri kama ya mezani. Vipuri vya kawaida viliimarika hata kijana mwenye bisibisi akaweza kujifungia mashine nzuri nyumbani. Mtikisiko wa uchumi wa dunia wa mwaka 2008 ulipunguza wanunuzi wa vitu vya anasa. Wapo waundaji wadogo waliokataa kuuza na wangali wakifanya kazi, kama Falcon Northwest ya Marekani iliyoanza mwaka 1992. Kwa maoni yetu, hata hivyo, sababu kubwa ni hesabu za ndani ya kampuni kubwa. HP mwaka 2006 ilikuwa na mapato ya zaidi ya dola bilioni 90. Katika nyumba ya ukubwa huo, karakana inayotoa kompyuta chache kwa wiki huonekana ni gharama, na kitu pekee chake kinachoweza kuzidishwa mara milioni ni jina.

Si kila jina huanguka

Haifai mtumiaji atoke hapa akiamini kwamba kampuni ikiuzwa bidhaa yake imeharibika. ThinkPad ilikuwa ya IBM hadi mwaka 2005, ilipohamia Lenovo ya China. Walionunua ThinkPad baada ya hapo waliendelea kupata kibodi nzuri, mwili imara na vipuri vinavyopatikana kwa wingi, na hadi leo mafundi wengi huipendelea kuliko chapa nyingi. Lenovo ilinunua kitengo kizima, pamoja na wahandisi wake, ikawaacha waendelee na kazi.

Kisa cha Toshiba ni cha kimyakimya zaidi. Toshiba iliuza asilimia 80.1 ya biashara yake ya kompyuta kwa Sharp mwaka 2018, kampuni ikaitwa Dynabook mwaka 2019, na mwaka 2020 hisa zilizosalia nazo zikaondoka. Mwenye Toshiba Satellite anayetafuta programu zake akifungua tovuti ya jina jipya asidhani ametapeliwa. Huko ndiko huduma ilikohamia.

Wakaazi wa visiwani wana mfano wa karibu zaidi ya yote haya. Zantel ilianza Zanzibar mwaka 1999, na kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa simu ya nyumbani. Mwaka 2015 hisa zake nyingi zilinunuliwa na Millicom, wamiliki wa Tigo. Mwaka 2022 zikahamia kwa kundi linaloongozwa na Axian. Na mwezi Novemba 2024 majina ya Tigo na Zantel yote mawili yakaondolewa, ikabaki Yas. Mteja alibakia na namba yake kwa sababu simu ni huduma ya leseni na mwenye leseni anawajibika kwa wateja aliowarithi. Kompyuta haina kinga hiyo. Ukishaondoka nayo dukani, hasa ikiwa imekwisha kutumika, mnyororo baina yako na kiwanda umekatika, na mtu pekee aliyebaki na wajibu kwako ni muuzaji.

Unapoikuta dukani

Swali la kwanza ni umri wa mashine, na jibu lake halimo katika jina wala katika uzuri wa kava. Limo katika namba iliyoandikwa chini ya mashine. Kompyuta za Dell, na za Alienware zilizoundwa chini yake, zina namba ya huduma ya herufi na tarakimu saba. Ukiiingiza katika tovuti ya Dell utaelezwa mashine hiyo ni ya toleo gani na dhamana yake imekwisha lini. HP na Lenovo nazo zina utaratibu kama huo. Kazi hii huchukua dakika mbili kwa simu ya mkononi, na muuzaji mwaminifu hatakukataza. Ikiwa namba imekwanguliwa, tunakushauri uiache mashine hapohapo hata kama bei ni ya kutupa, kwa kuwa huenda ni mali ya mtu mwingine.

Umri una uzito kuliko zamani kwa sababu ya programu. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa ujumla, hutaka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, au ya AMD ya wakati huo, yaani mashine zilizoanza kutoka mwishoni mwa mwaka 2017 na kuendelea. Kompyuta ya fahari ya mwaka 2013, iliyouzwa wakati wake kwa dola 2,000, haitimizi sharti hilo, ilhali kompyuta ya kawaida ya afisini ya mwaka 2019 hulitimiza bila tabu. Kwa mwanafunzi atakayeandika kazi zake, kuhifadhi nyaraka na kutuma maombi ya mkopo wa masomo, ya pili ni bora kwa kila hali, na aghalabu bei yake ni ndogo. Muuzaji anaweza kukuonesha Windows 11 ikifanya kazi kwenye mashine ya zamani. Ujue kwamba ipo njia ya kuilazimisha, na kwamba Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine iliyolazimishwa.

Kisha umeme. Tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika Pemba mwaka 2010, wengi wetu tumesahau kuhesabu umeme wa vifaa vidogo. Tuhesabu kidogo. Kompyuta ya michezo inayovuta wati 300 kwa saa tano hula uniti moja na nusu kwa siku. Mpakato ya kawaida ya wati 50 kwa saa hizohizo hula robo uniti. Kwa mwezi tofauti hiyo ni zaidi ya uniti 37 za Tukuza. Kompyuta za mezani zilizoletwa kutoka Marekani zina hatari nyingine. Baadhi ya visanduku vya umeme vya zamani vina swichi ndogo nyuma, aghalabu nyekundu, yenye kuonesha 115 au 230. Swichi ikiwa kwenye 115 nawe ukachomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, kisanduku huungua mara moja, na huenda kikaondoka na mazabodi.

Chaja ni jambo linalopuuzwa. Mpakato kubwa za Alienware hutumia chaja nzito za wati 180, 240 na hata 330. Kompyuta nyingi za Dell huitambua chaja iliyochomekwa. Isipokuwa ya aina yake, mashine hupunguza kasi na pengine hukataa kuchaji betri. Mnunuzi aliyepewa chaja ya kubahatisha hufika nyumbani akadhani kompyuta ni nzito kwa asili yake, kumbe inanyimwa umeme. Omba chaja yenye jina la kampuni na wati zake zisomeke, na uione betri ikichaji kabla hujatoa pesa.

Joto letu na hewa ya chumvi navyo havibagui majina. Mashine hizi hutoa joto jingi na hutegemea feni zilizo safi. Iliyokaa miaka bila kusafishwa hunguruma kama kisagio na kujizima katikati ya kazi. Omba iwashwe na iachwe ifanye kazi nzito, kama video ya ubora wa juu, kwa nusu saa ukiwapo. Wapo wateja wanaoona haya kukaa dukani muda huo. Haya hiyo ina gharama.

Mwisho ni maneno yatakayoandikwa. Wauzaji wengi hawadanganyi. Wao wenyewe waliuziwa kwa jina, nao hukuuzia kama walivyoelezwa. Lakini Sheria Nam. 5 ya mwaka 2018 ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji Zanzibar ipo ili mnunuzi asipotoshwe kuhusu kitu anachouziwa, na ulinzi huo huwa na nguvu zaidi pale kauli ya muuzaji inapokuwa katika karatasi. Kwa hivyo usikubali stakabadhi iliyoandikwa "laptop moja". Iandikwe chapa na toleo, namba ya mashine, kwamba imekwisha kutumika, aina ya prosesa, hali ya betri, na muda wa dhamana ya duka kwa tarehe. Ukiambiwa kwa mdomo kwamba dhamana ni ya kampuni, uliza kampuni gani, na afisi yake iliyo karibu iko wapi. Kama jibu ni Dubai, andikeni Dubai.

Ikiwa mashine itaharibika ndani ya muda uliokubaliwa, irudishe kwanza kwa aliyekuuzia, pamoja na stakabadhi, kabla ya kumpa fundi mwingine aifungue. Mashine iliyokwisha kupita mikononi mwa mafundi watatu ni vigumu kubaini kasoro ilikuwa yake tangu dukani au ilizaliwa mezani kwa fundi. Msipoelewana, lete malalamiko yako kwa maandishi katika afisi ya Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ukiambatanisha nakala ya stakabadhi, picha ya namba ya mashine, na tangazo au ujumbe wa simu uliotumiwa kabla ya kununua. Ujumbe huo usiufute hata kama umeahidiwa kurejeshewa pesa kesho.